Jinsi ya Kufanya Utafiti Rumonge Bila Kukimbiwa

Kabla hujauliza nauli ya kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, tazama mwezi. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, hutoka usiku wa giza, kwa kuwa taa ndiyo inayowavuta samaki. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi hupumzika. Nenda siku hizo. Ukienda wakati wa giza utawahoji watu wasiolala, nao watakuitikia "ndiyo" kwa kila swali ili uondoke.

Dodoso la Kifaransa libaki Mutanga, kwenye Chuo Kikuu cha Burundi. Mwaloni salimia kwa Kirundi au Kiswahili, kisha mpite mwenye boti uende kwa akina mama wanaoanika. Wao ndio wanaonunua samaki wabichi, na mvua ikishuka ghafla ndagala wakiwa mchangani, hasara ni yao. Waulize wanachotaka kijulikane, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa msomi.

Kusini, katika vijiji vya Nyanza-Lac kama Mvugo, FAO ilileta vichanja vya waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini. Samaki hukauka upesi, hawana mchanga, na mvua ikija hufunikwa. Napenda mfano huu kuliko makala nyingi za kitaaluma, maana ulianzia pale samaki wanapoharibikia.

Muda wa akina mama hao wanaoanika una bei, ulipe. Na usichokonoe habari za mashamba ya michikichi kama huna la kusaidia. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walirudi wakakuta wengine wamekaa kwenye ardhi yao, na jina moja lililoandikwa ovyo linaweza kuwasha ugomvi wa koo mbili.

Matokeo yakipatikana, yasomwe mwaloni kabla ya ukumbini. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu ziwa hili: maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Mvuvi anayeujua upepo wa kusini wa kiangazi ataielewa hoja hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena atakuuliza swali ambalo hukulifikiria. Liandike, na jina lake liwemo kwenye makala akikubali.

Mwisho, fungua bajeti. Futa semina ya hotelini. Hapo hapo andika: waya wa vichanja, na fundi wa Rumonge wa kuvijenga.