Sifa za Kosa la Nukta Inayoelea

Miongoni mwa vitu vinavyolaaniwa na waandishi wa programu za kompyuta, hakuna kilichoonewa kama kosa la nukta inayoelea, yaani ile tofauti ndogo iliyopo baina ya namba iliyokusudiwa na namba ambayo mashine imeweza kuihifadhi. Kwa kuwa desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, ifahamike kwamba kosa hili limezaliwa kihalali. Kompyuta huandika namba yenye desimali kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ziitwazo biti, ambazo idadi yake ina kikomo, kisha huongeza kipeo cha kuisogeza nukta kushoto au kulia, na ndiyo sababu nukta hiyo husemwa kuwa inaelea. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1985, IEEE 754, ambayo mwanahisabati William Kahan alikuwa mhimili wake, iliipa namba ya biti 32 tarakimu 24 zenye maana, na ile ya biti 64 ikapewa 53. Moja ya kumi, ambayo kila mfanyabiashara wa mji wa mpakani wa Sirari huitamka bila kigugumizi, haina mwisho ikiandikwa kwa 0 na 1, hivyo hukatwa njiani. Mashine ikiulizwa 0.1 ukijumlisha na 0.2 ni ngapi, hujibu 0.30000000000000004, na hujibu hivyo kila siku bila kubadili kauli, uthabiti ambao mashahidi wengi wa mahakamani hawana.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo ukarimu wa kosa hili umedhihirika kama wilayani Tarime, Tanzania. Wapima ardhi hutumia gridi iitwayo UTM, ambamo maeneo ya kaskazini mwa Ikweta hupimwa kuanzia sifuri, lakini kwa yale ya kusini Ikweta yenyewe hupewa mita 10,000,000 ili pasitokee namba hasi. Mji wa Tarime, ulio takriban nyuzi 1.35 kusini, huangukia karibu na 9,850,000, na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, karibu na 9,795,000. Namba zote zilizo kati ya 8,388,608 na 16,777,216, zikihifadhiwa kwa biti 32, hupoteza sehemu yote ya desimali, kwa hiyo hatua ndogo kuliko zote inayowezekana hapo ni mita moja kamili. Kitale nchini Kenya, ulio nyuzi moja kaskazini ya Ikweta na ndani ya kanda ileile ya gridi, huandikwa karibu na 113,000 na kuambulia hatua isiyofika hata milimita 8. Matokeo yake ni kwamba bikoni mbili za Tarime, yaani alama za mpaka, zilizoachana sentimita 40 zinaweza kujikuta zimeachana mita nzima, na nyingine mbili zilizoachana sentimita 80 zikawekwa mahali pamoja. Katika wilaya ambayo migogoro ya mipaka ina historia ndefu, si jambo dogo kumpata mpimaji anayemzawadia jirani hadi nusu mita bila kuuliza ukoo wake wala kupokea bahasha. Kwa haki ni lazima ielezwe kwamba programu makini za upimaji hutumia biti 64. Ukarimu huu hujitokeza zaidi pale ramani inapochorwa na prosesa ya michoro, ambayo kwa kawaida hupendelea biti 32, na mistari ya mpaka ikaanza kutetemeka kila picha inapokuzwa.

Tembo wa Serengeti wanaovishwa kola za satelaiti hawakusahauliwa. Longitudo ya nyuzi 34 na ushee, kwa biti 32, husogea kwa hatua za takriban sentimita 42, ilhali latitudo iliyo kati ya nyuzi 1 na 2 husogea kwa sentimita 1.3 tu, kwa hiyo mnyama huyo huenda kusini kwa madaha na mashariki kwa kurukaruka. Kola yenyewe hukosea kwa mita kadhaa, na kosa la nukta inayoelea, kwa adabu yake, hukaa nyuma ya mkubwa wake.

Wanaolitafuta hujifunza subira. Kwanza hulazimika kuamuru namba ichapishwe kwa tarakimu 9, au 17 ikiwa ni ya biti 64, kwa maana kioo kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta humfunika mkosaji. Kisha hukagua kila mahali ambapo namba mbili kubwa zinazokaribiana zimetolewa moja kwa nyingine, kwani hapo tarakimu nzuri hufutana na yanayobaki ni makapi. Tiba ya ramani ni kuteua bikoni ya karibu kuwa sifuri na kutoa namba zake katika namba za bikoni nyingine kwa biti 64 kabla ya kazi nyingine yoyote. Kwa fedha, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kikijumlisha malipo kwa biti 32, jumla ikifika shilingi 16,777,216, kuongeza shilingi moja hakubadilishi kitu, hata ikiongezwa mara milioni. Shilingi moja hainunui kitu siku hizi, kwa hiyo kosa limeonyesha uelewa wa uchumi unaostahili heshima. Wasioridhika huhifadhi fedha kama namba kamili, au hutumia mbinu ya Kahan, inayobeba kila kilichodondoka hadi kwenye hesabu inayofuata.

Wapo wanaolichanganya na ubovu wa chuma. Mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium hugawanya vibaya: 4,195,835 kwa 3,145,727 ilipotoka katika tarakimu ya nne baada ya nukta, kwa sababu baadhi ya visanduku vya jedwali lake la kugawia viliachwa na sifuri. Fundi huwatenganisha wawili hawa kwa kuirudia hesabu kwenye mashine ya aina nyingine, akihakikisha kwanza kwamba mpangilio wa kujumlisha haukubadilishwa na kikusanyaji cha programu. Kampuni ya Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha prosesa hizo, ilhali kosa halisi la nukta inayoelea halijawahi kurudishwa dukani na mteja yeyote, kwa kuwa linafanya kazi kama kanuni inavyoagiza.