Daftari la Mzee Kobe

Wanyama wa Bondeni walipoanza kumiliki mikokoteni, njia zote ziligeuka uwanja wa fujo. Watoto wa Kanga waligongwa sokoni mchana kweupe, aliyewagonga akatokomea na vumbi lake. Mkokoteni wa Nyumbu uliibwa Jumatatu, Alhamisi ukauzwa kwa Pundamilia, na Jumamosi wakakutana wote wawili njia panda, huyu kashika mpini, yule kashika gurudumu, kila mmoja anaapa kwa mama yake. Baraza likaketi. Likaamua kila mkokoteni uchomwe chapa ubavuni, herufi tatu na namba, na kila chapa iandikwe daftarini pamoja na jina la mwenye mkokoteni na mahali anapolala.

Hakuna aliyepinga, na mimi nisingepinga. Ukigongwa, utamdai nani kama hujui aliyekugonga anaishi wapi? Ukinunua mkokoteni, utajuaje kama anayekuuzia ndiye mwenyewe?

Ukarani alipewa Mzee Kobe kwa mwandiko wake mzuri, na kwa kuwa hana haraka ya kutoka kazini. Alifaa kwa kila hali ila moja, na hiyo haikuonekana siku ile: Kobe nyumba yake huibeba mgongoni. Tangu aanguliwe hajawahi kuwa mbali na kwake hata hatua moja, kwa hiyo ukimwambia "nitafuatwa nyumbani" anakutazama kama umesema Kigiriki. Kanuni za ofisi zikasainiwa na wajumbe wawili, Simba na Nungunungu. Pango la Simba kila mtu analijua, ndiyo maana hakuna anayepita pale. Nungunungu naye mgeni asiyemtaka humpokea kwa mgongo. Watatu hawa walipoandika kwamba daftari litakaa wazi chini ya mkwaju, na kwamba yeyote mwenye ada ya kauri moja atasomewa, waliona wamewatendea wote haki. "Ni mambo ya umma," alisema Simba, akapiga miayo, kikao kikafungwa.

Wateja wa kwanza hawakuwa Kanga wala Nyumbu. Walikuwa vijana watatu wa Fisi, ambao kazi yao mchana ilikuwa kukaa kivulini karibu na soko na kuandika chapa za mikokoteni yenye magurudumu ya mpingo. Jioni walikuja ofisini na orodha yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mnatafuta nini?"

"Tunataka kuwajua watu waliofanikiwa, babu. Tujifunze kwao."

Kobe alifurahi kuona vijana wenye malengo. Alilowesha kidole, akafungua kurasa moja moja, akawasomea jina, mtaa, na upande ambao mlango unatazama. Akawaandikia risiti. Usiku ule nyumba nne zilivunjwa, na asubuhi Nyumbu alipokuja kulalamika, Kobe alizipitia risiti zake zote mbele yake, akajumlisha kauri, akamhakikishia kwamba hesabu za ofisi hazina dosari.

Hili la vijana sikulitunga. Lilitokea Iowa, na Seneta Barbara Boxer wa California aliwasimulia wenzake mwaka 1993: genge la vijana lilikuwa likinakili namba za magari ya bei mbaya barabarani, linakwenda kwenye ofisi ya usajili kuchukua anwani za wenye magari, kisha usiku linakwenda kuiba. Kwa hiyo msomaji ameshajua Bondeni ni wapi. Bondeni ni Marekani, kabla ya mwaka 1994, wakati katika majimbo mengi namba ya gari ilitosha kumpeleka mtu yeyote mpaka mlangoni kwa mwenye gari. Wanyama nimewaazima kwa sababu wana staha kuliko wahusika wenyewe.

Tuendelee. Kule mtoni alikaa Bi Kiboko, mganga wa mambo ya wanawake. Waliokwenda kwake walikwenda kwa sababu zao, wengine zikiwa nzito kiasi kwamba hawakumwambia hata dada. Juu ya mti unaotazama mlango wake akatua Kunguru na wenzake, kila mmoja na kalamu sikioni. Hawakumgusa mtu, hawakumtukana mtu. Waliandika tu chapa za mikokoteni iliyoegeshwa. Siku chache baadaye Swala akakuta barua mlangoni kwake, na mumewe ndiye aliyeiokota: "Tulikuona mtoni. Tunajua ulichokwenda kufanya."

Swala alikwenda kwa Kobe analia. Kobe alimpa kiti. Alimweleza kwa upole kwamba Kunguru walilipa ada sawasawa na mwananchi mwingine yeyote, na kwamba yeye karani hana mamlaka ya kumuuliza mtu anachotaka kufanya na jina alilolinunua. Nadhani alikuwa mkweli. Ofisi ambayo haiulizi swali haina cha kujibu, na makarani wengi wameishi salama hivyo mpaka wakastaafu.

Kisha ikaja habari ya Digidigi.

Alikuwa mcheza ngoma, binti mdogo, jina lake ndiyo kwanza linaanza kutajwa vijiji vya jirani. Mbweha mmoja alimpenda kwa mbali. Alimwandikia barua, akapata jibu la heshima ambalo mchezaji humwandikia kila mshabiki, naye akalisoma kama posa iliyokubaliwa. Alikwenda mpaka uwanja wa ngoma na zawadi mkononi, walinzi wakamrudisha. Akaenda tena, wakamrudisha tena. Uwanja ulikuwa na ukuta, walinzi na geti. Mbweha akamtafuta Nguchiro, mpelelezi wa kujitegemea, akamlipa, na Nguchiro akaenda zake chini ya mkwaju.

"Chapa ya Digidigi, mzee."

"Kichaka cha tatu kutoka kisimani," Kobe alisoma, "mlango unatazama mashariki. Kauri moja."

Digidigi asubuhi ile alikuwa akingoja mzigo wa kazini. Mlango ulipogongwa alikwenda kufungua mwenyewe.

Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa televisheni, aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yake mjini Los Angeles, Julai 1989. Alikuwa na miaka 21. Muuaji wake alipata anwani kupitia mpelelezi aliyeichukua kwenye kumbukumbu za magari za California. Hapa siwezi kuendelea na mzaha wa kauri.

Bondeni kulifanyika maombolezo, na baada ya maombolezo vikao, na baada ya vikao vikao vingine. Masika matano yalipita. Hatimaye Baraza Kuu likatangaza kwamba daftari litazungushiwa uzio. Rais Bill Clinton aliisaini sheria ya uzio huo Septemba 1994, ikiwa sehemu ya mswada mkubwa wa kupambana na uhalifu: ofisi ya usajili isitoe jina, anwani, namba ya simu wala picha ya mwenye gari kwa kila anayeuliza, na atakayeyatumia isivyo halali ashtakiwe mahakamani na mwenye jina. Wanyama walishangilia. Uzio wenyewe ulikuwa wa miiba mirefu, imara, unaotia moyo ukiutazama kwa mbali.

Ukiukaribia unaona una milango 14.

Mlango wa serikali na polisi, huo hauna ubishi. Mlango wa mahakama. Mlango wa watu wa bima. Mlango wa wanaovuta mikokoteni iliyoharibika njiani, kwa sababu lazima wampate mwenyewe. Mlango wa watafiti. Mlango wa mfanyabiashara anayetaka kuhakiki kama mteja wake ni yule anayesema ndiye. Mingi kati ya hii ukipewa saa moja ya kufikiri utaikubali, na hapo ndipo ugumu wa uzio wa namna hii: kila mlango una sababu yake njema, na aliyeuomba alikuja na wakili. Mlango wa 8 ulikuwa wa Nguchiro. Ndiyo, Nguchiro yule yule. Sheria ilimruhusu mpelelezi mwenye leseni kuingia, mradi aseme anakwenda kwa shughuli iliyoruhusiwa katika mojawapo ya milango mingine. Na mlango wa 14 ulikuwa wa matumizi mengine yoyote ambayo kijiji chenyewe kitayaidhinisha, ilimradi yahusu uendeshaji wa mikokoteni au usalama wa watu.

Uzio ulipitishwa 1994 lakini ulikuwa ufungwe rasmi 1997, na katika kipindi hicho cha kati Sungura akafanya lake. Alikwenda ofisini mchana, akalipa, akanunua nakala ya daftari zima, akalibandika kwenye mbuyu wa sokoni, ukurasa kwa ukurasa, bure kwa anayepita. Kijiji kiliwaka moto. Hata Simba alishuka kutoka pangoni.

"Wazee wangu, mbona mnanipigia kelele?" Sungura aliuliza. "Kitabu hiki wanacho madalali, wakopeshaji na wauza dawa za magurudumu tangu zamani. Nyinyi tu ndio mlikuwa hamjakiona."

Sungura huyu aliishi Oregon. Mwaka 1996 alilipa dola 222, akapewa kumbukumbu za magari za jimbo zima, akaziweka kwenye intaneti, kila mtu akaweza kuandika namba ya gari la jirani na kusoma jina na anwani. Kelele zilizopigwa zilimfanya aziondoe haraka. Sijawahi kumwona kama shujaa, maana wapo waliolala kwa hofu kwa ajili ya somo lake, lakini katika hekaya nzima ndiye peke yake aliyeitoa bidhaa ya Kobe bila kuificha chini ya meza.

Msomaji wa kwetu asijiweke kando kama mtazamaji wa sinema. Anayenunua gari mkononi mwa mtu Nairobi hulipa ada serikalini, akaletewa rekodi yenye jina la mwenye gari, na ni jambo jema, maana waliotapeliwa kwa logbuku bandia ni wengi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Uzio upo. Milango tuihesabu wenyewe, usiku mmoja tukipata nafasi.

Sasa, si wote Bondeni waliopenda uzio. Jumbe Ngiri wa Kusini alikasirika kweli. Kijijini kwake mtu alikuwa akijaza fomu, anaandika jina lake na anwani, anaahidi kwamba hatatumia majina kuwasumbua watu kwa simu za biashara, kisha anafunguliwa daftari. Fomu ile Ngiri aliiona kuwa ulinzi tosha. Akaenda mahakamani kulalamika kwamba Baraza Kuu halina haki ya kumwamrisha jumbe namna ya kutunza vitabu vyake. Lilikuwa suala la heshima, alisema, na la uhuru wa vijiji. Kuhusu kauri hakusema sana, ingawa kila mtu alijua vijiji vilivyouza majina vilikuwa vikipata fedha nono. Hukumu iliyotoka baadaye inataja kwamba jimbo la Wisconsin peke yake ilikuwa ikipata karibu dola milioni 8 kwa mwaka.

South Carolina, ndiyo Ngiri wetu, ilishinda kwenye mahakama za chini, shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Kabisa. Januari 2000 Bundi wote 9 wa mahakama hiyo walikubaliana, bila hata mmoja kupinga, na hukumu akaiandika Jaji Mkuu William Rehnquist. Uzio ubaki. Kijiji kizima kilicheza.

Waliosoma hukumu mpaka ndani walicheza polepole zaidi. Bundi hawakusema kwamba jina la Digidigi lilindwe kwa sababu ni la Digidigi. Walisema Baraza Kuu lina mamlaka juu ya biashara inayovuka mipaka ya vijiji. Majina na anwani za wenye mikokoteni yanauzwa na kununuliwa kuvuka mipaka. Basi ni bidhaa, kama ngozi na chumvi, na Baraza linaweza kuisimamia. Ulinzi ukapatikana sokoni.

Kanga, ambaye watoto wake waligongwa mwanzo wa yote haya na ambaye hajawahi kulipwa fidia, alikuwa mmoja wa waliosoma mpaka mwisho. Kesho yake alikwenda chini ya mkwaju.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwako?"

"Njema. Mzee, mahakama imesema jina langu ni bidhaa."

"Imesema hivyo."

"Nanyi mmeliuza."

"Kwa risiti, kila mara."

"Basi nimekuja kuchukua fungu langu."

Kobe alifungua kanuni. Alizisoma kutoka mlango wa kwanza mpaka wa 14, kwa mwendo wake, mpaka kivuli cha mkwaju kikahama kutoka mezani kwenda ukutani. Hakukuwa na mlango wa fungu la Kanga. Alisikitika kwa dhati. Kobe si mtu mbaya.

"Sawa," alisema Kanga. "Basi nisomee majina ya walioninunua. Najua yameandikwa. Anayenunua kwako na kumuuzia mwingine lazima aweke kumbukumbu miaka 5, amemuuzia nani na kwa sababu gani."

"Ni kweli, yameandikwa. Ofisi ikiyataka, tunaletewa."

"Yalete basi, na mimi niyaone. Nitalipa ada."

Kobe alifunga daftari, akaweka mkono juu ya jalada. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi alionekana ameudhika.

"Mwanangu," alisema, "wale ni wateja. Majina yao hatutoi. Mtu ana haki ya mambo yake binafsi."