Fisi wa Nyumba ya Sungura

Sungura hakuwa mgeni kijijini. Kitovu chake kilizikwa pale pale. Kwa hiyo alipoanza kuongeza chumba juu ya chumba na kumega viwanja vya majirani, hakuna aliyeuliza. Mtoto wa nyumbani anajenga, walisema.

Ujenzi ukaacha vifusi na mizoga. Sungura akapiga ngoma, Fisi wakaja mbio, maana kazi yao tangu enzi za mababu ni kula uozo na kuziba nyufa. Hawakuhongwa, tuseme ukweli. Walikuta nyumba ina majeraha, wakaiuguza. Wakachimba mfereji wa maji hadi jikoni, wakapiga lipu, wakahamia humo humo.

Kikosi cha Chui kilipofika, Fisi mmoja akatoka na daftari.

"Shikamoo, afande. Kibali?"

"Kibali cha nini? Tumekuja kumkamata Sungura."

"Hapa tunauguza. Rudisheni makucha, mkae kwenye benchi."

Chui wakakaa. Baadaye wakasinzia.

Mheshimiwa Tembo alikuwa amekwisha kujaribu moto, ukaunguza na ghala la kijiji. Sasa akasimama barazani: "Fisi wote wauawe!" Makofi. Wajumbe hupenda azimio lisilohitaji kufikiri.

"Na mizoga ya kesho ataila nani?" akauliza Mzee Kobe. Yeye alitaka ngoma ya Sungura izimwe, Fisi wapya wasiitwe. Na waliomo ndani wakumbushwe kwamba hata Sungura analika.

Baraza likaunda kamati.

Msomaji, madaktari huwaita Fisi hao makrofaji, seli za kinga ambazo saratani huzigeuza vibarua wake. Ngoma nayo ipo: ni protini iitwayo CSF1. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha pexidartinib, dawa inayoziba masikio yanayoisikia, lakini kwa uvimbe adimu unaoota kwenye maungio kama goti, ambao umejaa seli za ukoo huo. Kwa saratani nyingi zilizozoeleka, kuziba masikio peke yake hakujatosha. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakijaribu dawa za aina hiyo pamoja na zile za kuwaamsha Chui (seli za kinga zinazoiwinda saratani), dawa zilizotokana na ugunduzi uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018.