Namna ya Kwenda na Wakati kwenye Mambo ya Seva

Kwanza kabisa, ndugu yangu, usisome. Mambo ya seva hayaishi. Ukimaliza hili, lile limeshazaliwa. Wewe kariri majina na miaka tu. PHP: Rasmus Lerdorf, 1995. Node.js: Ryan Dahl, 2009. Docker: 2013. Mtu akishasikia mwaka, hakuulizi tena. Akikutajia kitu usichokijua, guna, jikune kidevu, kisha muulize: "Sawa, lakini wateja wakijaa kwa pamoja kinahimili?"

Pili, laptopu. Ibandike stika ya Rust. Kuijua Rust ni kazi. Stika haina mtihani.

Tatu, chelewa, na uchelewe kwa majivuno. Mwaka 2018 Dahl huyohuyo alipanda jukwaani Berlin akaorodhesha mambo 10 anayoyajutia kuhusu Node.js, ikiwemo ile folda ya node_modules inayomeza bando la wiki kabla hujaandika hata mstari mmoja. Hapohapo akatangaza mradi mwingine, Deno. Waliowahi wakabaki wanatazamana. Wewe uliyeng'ang'ania PHP yako hukuwa na la kujutia. Usiseme ulikuwa hujui. Sema ulikuwa unaipa muda.

Nne, mteja. Mfumo wake bado unatembea na PHP 5.6, toleo lililoacha kupata viraka vya usalama mwisho wa 2018? Badilisha rangi ya vitufe, mpigie: "Bosi, tumehamia toleo jipya." Tuma ankara. Haifai, najua, lakini na wewe kwangu ulifuata nini?

Mahali pamoja tu usilete ujanja: malipo. Mfikirie mteja wako mwenye bucha kule machinjioni Vingunguti. Mkono wa kulia kisu, wa kushoto simu, kioo kina alama za dole lenye damu, na maini hayakabidhi mpaka aone hela imeingia. Sasa, taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu huweza kufika kwenye seva yako mara mbili. Mfumo ukiziandika zote mbili, jioni hesabu itasema hela ipo, simu itasema haipo, na kisu bado anacho. Hifadhi namba ya muamala; ikirudi mara ya pili, ikatae. Hili jifunze kweli, hata kama ni usiku wa manane.

Tano, udhuru. Siku za kawaida "mtandao unasumbua" inatosha. Kwa balaa kubwa, tunza nyaya za baharini. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki, na siku zile hakuna mwandika programu aliyekuwa na kosa. Usizitumie kila mwezi. Mwenye bucha akiuliza ni nyaya zipi hizo, mwonyeshe kwa kidole upande wa Posta. Bucha haifungwi mchana, hatakwenda kukagua.