Vipindi vya Mvua, Maeneo Machache

Shemeji yangu yuko Canada, na tangu Oktoba iingie salamu zake ni theluji tupu. Ananitumia utabiri wa kwao: kesho kuanzia saa tatu usiku, sentimita tano mjini, kumi na tano mlimani. Halafu anauliza, "Hanang je, imeshaanguka?"

Ianguke wapi, shemeji? Mlima Hanang una mita 3,420, na huku karibu na ikweta baridi ya kugandisha mvua hukaa huko juu ya mita 4,500. Labda tuupandishie mlima mwingine mgongoni. Cheupe chetu hapa Mbulu ni mvua ya mawe, nayo haipigi hodi. Inangoja maharage yatoe maua.

Kinachoniuma hasa ni zile sentimita. Mwenzangu anapewa saa na kipimo, mimi redio inaniambia: "Mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, vipindi vya mvua katika maeneo machache." Mikoa mitatu kwa pumzi moja! Humo mna Kibo na barafu yake, mna nyika za Simanjiro, na mna kishamba changu cha Dongobesh. Na hayo maeneo machache, nimeshayajua, ni kwa jirani.

Haya, mtabiri naye ana kazi. Vuli yetu inaamuliwa na Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, kama mwaka 2019, tunalowa mpaka tunaomba basi, yakipoa, tunaangaliana. Na wingu likishafika bara, milima inaligombania. Upepo unapanda ubavu, unapoa, unamwaga mvua upande mmoja. Wa upande wa pili wanabaki na vumbi.

Ndiyo maana wazee wa Katesh wanausoma mlima wenyewe. Ukivaa kofia ya wingu asubuhi, mmoja anasema jioni inanyesha. Mwenzake anasema ya asubuhi ni urembo tu, ngojeni ya alasiri. Ila likiwa zito na jeusi hakuna anayebishana, tangu Desemba 3, 2023, matope yalipoushukia mji na kuua watu.

"Shikamoo mzee, nipande?" niliuliza juzi.

"Marahaba. Wewe tangulia, sisi tutaona."

Mbegu bado zimo guniani, na mke wangu ameshaanza kuuliza kama yale maharage ayachemshe.