Mwongozo wa Kuoza Vitenzi vya Kiingereza

Zamani kijana wa Palma aliyetafuta kazi alihitaji vitu viwili: mikono yake na mtu wa kumshika mkono. Mwaka 2010 Anadarko ya Marekani ikatangaza kwamba imekuta gesi chini ya bahari yetu, na tangu hapo kikaongezeka cha tatu: Kiingereza. Usiniulize kwa nini. Serikali yetu ya Msumbiji inaandika Kireno. Fungu la Anadarko lilinunuliwa mwaka 2019 na Wafaransa wa Total. Ufukweni tunapatana bei ya samaki kwa Kimwani, Kiswahili, Kimakonde na Kimakua. Lakini mkandarasi akishuka na kofia yake ngumu, atakuuliza mambo yako kwa Kiingereza.

Nawe umejiandaa. Kamusi ya mfukoni umeisoma hadi jalada likabanduka. Ukifungua kinywa, hata hivyo, mgeni anakunja uso kama aliyeuma ndimu. Maneno unayo ya kutosha, tatizo ni kwamba yote ni makapera. Kila kitenzi cha Kiingereza kina mwenza wake wa halali, nawe unakiozesha kwa yeyote uliyemkuta njiani. Fuata hatua sita zifuatazo kwa makini, kwani kitenzi usipokioza vizuri, kitaoza.

Hatua ya 1: Gawa sufuria

Sisi tuna "kufanya". Mreno alituachia "fazer". Vyote viwili ni kama sufuria ya kapera: chai humo, wali humo, mchuzi humo. Mwingereza ana masufuria mawili, "make" na "do", na ole wako uyachanganye. Makosa ni "make", kazi ya shule ni "do". Kelele ni "make", biashara ni "do". Pesa ni "make", fadhila ni "do".

Mwalimu atakupa kanuni: "make" ni kuunda kitu ambacho hakikuwepo, "do" ni kutenda shughuli. Iamini kanuni hiyo hadi asubuhi, utakapotandika kitanda. Kitanda ni kilekile ulichokilalia jana na juzi, fundi wake pengine ameshafariki, lakini Mwingereza kila akiamka anakiunda upya: "make the bed". Usibishane naye. Tandika, uende zako.

Hatua ya 2: Ukiwa na lugha tatu, tahadhari mara tatu

Chukua mfano wa picha. Mreno huitoa, kwa "tirar". Mwingereza huichukua, kwa "take". Sisi huipiga. Mtoto wa Palma akisimama mbele ya kamera hajui kama anatolewa, anachukuliwa au anapigwa, na kwa miaka ya vita ambayo mkoa wetu wa Cabo Delgado umeipitia, hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kinachochekesha sana.

Au chukua uamuzi. Mreno huuchukua kwa "tomar", kitenzi kilekile anachoogea, maana kuoga kwake ni "tomar banho". Mwingereza huutengeneza kwa "make", kama kitanda. Sisi hukata shauri, likaisha. Ushauri wangu: unapotoka lugha moja kwenda nyingine, nomino nenda nayo, kitenzi kiache mlangoni pamoja na viatu.

Hatua ya 3: Pima kwa mizani ya mwenyewe

Mvua ya Mwingereza hainyeshi kwa wingi, hunyesha kwa uzito: "heavily". Mvutaji sigara naye ni mzito, "heavy", hata awe mwembamba kama mlingoti. Upepo una nguvu, na nguvu hiyo ni "strong". Chai nayo ni "strong". Injini ya boti ni "powerful", ila chai haiwi "powerful" kamwe, hata ikuamshe kutoka kaburini. Kimbunga Kenneth kilipotua kaskazini mwa Cabo Delgado mwezi Aprili 2019, mvua ilikuwa nzito na upepo ulikuwa na nguvu. Kubadilishana sifa hizo kusingeokoa paa hata moja, lakini kungekupunguzia alama.

Usiku ndio mgumu zaidi. Aliyezama usingizini amelala "fast", neno lilelile la mwenda mbio, naye hajageuka hata ubavu. Aliye macho yuko macho "wide", kwa upana. Kwa hiyo Mwingereza hulala mbio, akaamka mpana.

Hatua ya 4: Chunga mkia

Vitenzi vidogo vya Kiingereza ni kama samaki taa: mwili haudhuru, sumu iko mkiani. "Give" ni kutoa tu. Ukiufunga mkia wa "up", ni kukata tamaa. Ukiufunga wa "in", ni kusalimu amri. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza, "look down on" ni kudharau, na "look into" ni kuchunguza.

Hicho cha mwisho kikariri vizuri, kwa sababu utakisikia siku utakapouliza habari za barua yako ya kazi. Utaambiwa kwamba watai-"look into", kisha wata-"get back" kwako. Ukitafsiri neno kwa neno, wanachungulia ndani ya barua halafu wanarudi nyumbani kwako. Usitandike mkeka barazani. Hakuna anayekuja.

Hatua ya 5: Hudhuria mkutano

Mkutano wa Kiingereza hushikwa, "hold", mfano wa jogoo anayesubiri kisu. Humo mahitaji yenu watakutana nayo, "meet", bila kuwaambia kama walisalimiana. Mtaombwa kulipa usikivu, "pay attention". Mtalipa, maana hiyo ndiyo fedha pekee iliyo mfukoni. Malalamiko kwetu hutolewa au hupelekwa, kwao huinuliwa: "raise concerns". Mkisha kuyainua, yatabaki hukohuko juu.

Yapo maneno yaliyotufikia pamoja na wenza wao, hatukuhitaji mwalimu. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia kwa majahazi kuelekea Pemba, wengine wakapita porini kuelekea Nangade na Mueda. Mwezi uliofuata Total ilitangaza "force majeure", yaani janga lililoshinda uwezo wake wa kutimiza mikataba. Maneno ni ya Kifaransa, kampuni ni ya Kifaransa, nayo yakatujia kwa mlango wa Kiingereza yakiwa na vitenzi viwili tu: "declare", kulitangaza, na "lift", kuliinua. Liliinuliwa mwishoni mwa 2025. Waliokimbia hawakuwekewa kitenzi chochote katika msemo huo, kwa hiyo wanaendelea kutumia vyao: kukimbia, kungoja, kurudi, kujenga.

Hatua ya 6: Jitazame kiooni

Mtu aliyeanza kuzikusanya ndoa hizi za maneno kwa mpango hakuifanya kazi hiyo London. Harold Palmer alikuwa Mwingereza aliyefundisha Tokyo, na mwaka 1933 alitoa ripoti yenye maelfu ya misemo ya namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa Japani. Ilibidi aende mbali, kwa sababu mwenye nyumba havioni vizingiti vyake. Anayejikwaa ni mgeni.

Sasa hesabu vyako. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mbizi, tunapiga hodi, na katika hayo yote hakuna aliyeumia. Hasara tunaila, njama tunazila, kiapo tunakila, na tumbo halijai. Kitu cheupe ni cheupe pe, cheusi ni cheusi ti. Nyumba ikinyamaza, ni kimya jii. Jahazi hujaa pomoni na nahodha hulala fofofo. Jaribu kujaza jahazi fofofo na kumlaza nahodha pomoni uone kama abiria watapanda.

Kwa hiyo usimcheke Mwingereza na kitanda chake, wala usikate tamaa. Huenda kazi unayoitafuta kwenye mradi wa gesi wa Afungi inakutafuta wewe. Siku moja mhandisi atachoka kuzungukwa na watu asiowaelewa, atakuja barazani kwako kuomba masomo ya Kiswahili. Mpokee, mpe kiti. Akiuliza kwa nini mswaki hupigwa na nguo hufuliwa, usitunge kanuni. Mwambie hayo yalioana kabla hatujazaliwa, nasi tumeyakuta na wajukuu. Akiomba muda wa kufikiria malipo, mkumbushe kwa upole kwamba kwao kinacholipwa ni usikivu. Kwetu hulipwa mwalimu.