Peugeot Iliyo Juu ya Mawe

Mwenye Peugeot 504 uani hakosi kukukumbusha kwamba gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978. Ni kweli, ila lililoshinda lilikuwa na magurudumu. Lake liko juu ya mawe chini ya turubai, na kila Jumamosi hupigwa puti mlango uleule huku kutu ikijilia sakafu bila haraka. Anajitetea kwamba spea ni adimu. Hoja ina uzito, lakini kulisimamisha ndiko kunakozidisha hizo spea za kutafutwa: petroli iliyolala huacha utando mzito ndani ya kabureta, mafuta ya breki hufyonza unyevu yakatia kutu silinda zake, mipira hukauka na kupasuka. Basi atasema anaokoa fedha ya fundi. Anaokoa kwelikweli, maana fundi angelimaliza, na gari lililokwisha hudai bima, matairi na petroli. Tukimbana zaidi hukimbilia urithi: vitu vya kale lazima vitunzwe. Haswa, ingawa kwa sasa mtunzaji wa zamu ni kuku anayetagia kiti cha nyuma, na kazi yake angalau huonekana.